Waulizeni Kwanza: Siku Tatu za Mombasa Pamoja na Matineja

(Haya ni maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti aliyoyatoa mbele ya wazazi na walezi mjini Voi, kuelekea likizo ya Agosti. Yamepunguzwa kidogo ili yatoshee katika kurasa hizi.)



Kwa kawaida mkiniona nimesimama mbele yenu huwa nimebeba tangazo la barabara, la maji, la basari au la chanjo. Leo sikubeba tangazo. Niliombwa nizungumzie swali ambalo wengi wenu mmeniuliza sokoni na hata kanisani: mtu atawapelekaje watoto wakubwa mjini kwa siku mbili tatu, pesa zisiishe njiani, watu wasigombane, na wote warudi nyumbani salama? Hilo la wote kurudi nyumbani mtaona baadaye kwa nini nalitaja.

Nitawaambia ukweli. Mimi si mtaalamu wa malezi. Nilichonacho ni safari mbili za Mombasa na watoto wa dada yangu. Ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Ya pili tuliipanga pamoja. Mafunzo yote niliyo nayo yametoka katika tofauti ya hizo mbili.

Safari ya kwanza

Ilikuwa Desemba ya mwaka juzi. Dada yangu alikuwa kazini, nami nikajitolea kuwapeleka wanawe, mvulana wa miaka 16 na msichana wa miaka 13. Nilikaa usiku mzima nikaandika ratiba. Siku tatu, mahali kumi na mawili. Kila saa ilikuwa na kazi yake. Niliichapisha ofisini, nikaitia kwenye plastiki, nikajiona nimefanya jambo kubwa.

Kosa la kwanza lilijitokeza kabla hatujaondoka. Nilikuwa nimepiga hesabu ya nauli ya treni nikimweka yule msichana kwa nusu bei, kwa kuwa kwangu mimi bado ni mtoto. Kwenye treni ya SGR nusu nauli ni ya watoto wa miaka 3 hadi 11. Tineja hulipa kama wewe na mimi. Bajeti ikatoboka tukiwa bado Voi.

Jioni ya kwanza, tukila, yule mvulana aliniuliza, "Mamdogo, kesho tunaweza kwenda Likoni?" Nikatazama karatasi yangu. Likoni haikuwemo. Nikamjibu, "Ukaone nini kule? Ni feri tu." Akanyamaza. Nami nikadhani yameisha.

Siku ya pili tulikwenda Fort Jesus, kisha tukaingia Mji wa Kale. Desemba Mombasa ni joto, nyinyi mliozoea baridi ya Wundanyi mnaelewa ninachosema. Nilikuwa mbele nikisoma ratiba, msichana nyuma yangu analalamika miguu. Yapata saa kumi na nusu niligeuka, na mvulana hakuwepo.

Simu yake ilikuwa imezimika. Nilirudi vichochoro vyote tulivyopita. Nikauliza wenye maduka, nikamuuliza mzee aliyekuwa akiuza madafu. Mwishowe nikafika kituo cha polisi. Afisa alikuwa mtulivu, akaniuliza swali rahisi kabisa: "Amevaa nini?"

Wazazi, sikujua. Nilikuwa naye tangu asubuhi na sikujua shati lake lilikuwa rangi gani. Nikatafuta picha kwenye simu. Nilikuwa na picha za ngome, za milango ya nakshi, za mizinga. Yake hakuna hata moja ya siku ile.

Saa kumi na mbili na robo tulimkuta kwenye lango la Fort Jesus, amekaa ukutani. Alirudi pale kwa sababu ndipo mahali pekee alipopajua. Alikuwa ametembea kwa miguu hadi Likoni, akapanda feri, akavuka na kurudi mara nne, akiangalia meli zikiingia Kilindini. Nilipomaliza kufoka, na nilifoka sana, alisema maneno machache tu: "Nilikuambia jana, Mamdogo. Ukasema ni feri tu."

Mtoto huyu amekulia huku kwetu bara. Treni ameziona, ndovu amewaona hadi amewachoka. Meli hakuwahi kuiona kwa macho yake. Alitaka kitu kimoja katika safari nzima, nacho hakina hata kiingilio, maana waendao kwa miguu hawalipi kwenye feri ya Likoni. Mimi sikumpa nafasi ya kunieleza.

Simtetei kwa kuondoka bila kuaga, naye anajua alikosea. Lakini nilisomea uandishi wa habari. Chuoni jambo la kwanza tulilofundishwa ni kuuliza: nani, nini, wapi, lini, kwa nini. Kazini nauliza watu maswali hayo kila siku. Kwa watoto wangu nikafika na majibu tayari.

Anza na swali

Basi la kwanza ninalowaomba: kabla ya kutafuta gari, kabla ya kutafuta nyumba ya kulala, waulizeni. Swali lisiwe "mnataka kwenda wapi?" maana watakujibu "popote," nawe utaamini. Agosti mwaka jana tulifanya hivi. Kila mmoja wetu, pamoja na dada yangu ambaye safari hii alikuja, aliandika kwenye karatasi jambo moja ambalo akilikosa atahisi safari haikuwa yake. Moja tu. Hakuna kumcheka mtu.

Mvulana aliandika feri. Msichana aliandika kulisha twiga. Dada aliandika kukaa ufuoni bila kuitwa na mtu yeyote. Mimi niliandika Fort Jesus, kwa kuwa mara ya kwanza niliiona nikitazama saa.

Hayo manne yakawa safari. Mengine yote yalikuwa ya ziada, yakipatikana ni heri, yasipopatikana hakuna aliyenuna. Tulitenga jambo moja asubuhi na moja jioni. Kati ya saa sita na saa tisa, jua likiwa kali, tulirudi chumbani kupumzika. Na asubuhi hatukuwaamsha alfajiri. Tineja anahitaji usingizi kuliko sisi, na aliyeamshwa saa kumi na moja kwenda kuona historia hataona historia, ataona kitanda.

Kila mahali na hadithi yake

Nataka niseme kidogo kuhusu mahali penyewe, kwa sababu tineja haridhiki na jengo kuukuu. Anaridhika na kisa.

Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ukimwambia hivyo ataitikia kwa heshima na kuendelea na simu yake. Lakini mwambie kwamba kuanzia Machi 1696 watu walizingirwa ndani ya kuta zile na majeshi ya Waomani hadi Desemba 1698, karibu miaka mitatu, wakifa kwa njaa na maradhi. Mwambie kwamba meli iliyokuja na msaada, Santo António de Tanná, ilizama mwaka wa 1697 pale pale chini ya ngome, na kwamba vitu vilivyoopolewa kutoka baharini vimo ndani ya makumbusho. Kisha mwambie kwamba Waingereza waliigeuza gereza, ikabaki gereza hadi 1958, wakati ambapo babu zake wengine walikuwa tayari vijana. Msichana wetu alisimama mbele ya vyombo vya ile meli dakika nyingi kuliko mimi.

Fikeni mapema. Lango hufunguliwa saa mbili asubuhi na kuta hazijapata moto. Mkitoka, Mji wa Kale uko hapo hapo, na vichochoro vyake vina kivuli.

Twiga wako Haller Park, Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea simiti, ardhi tupu yenye chumvi. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa kilimo, René Haller, alianza kupanda miti, na mvinje ndio uliokubali. Majani yake yalipoanguka hayakuoza, basi wakaletwa jongoo wayale na kuyageuza udongo. Jongoo! Watoto wanaosoma sayansi huko nyuma wasikie: msitu ule umesimama juu ya kazi ya jongoo. Na ni pale alipopelekwa mtoto wa kiboko, Owen, aliyebaki peke yake pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akafanya urafiki na kobe mkongwe aitwaye Mzee. Kisa hicho kilizunguka dunia nzima, na kilitokea hapa jirani.

Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta uko upande huo huo, na kuingia ni bure. Hapa nina onyo. Watoto wetu wengi wa bara wamejifunza kuogelea kwenye bwawa la shule au hawajajifunza kabisa, na bahari si bwawa. Hujaa na kupwa. Boya la mpira lililo karibu sasa hivi laweza kuwa mbali ukigeuka kununua mhogo. Kiwango chetu kilikuwa maji ya kiunoni, na mtu mzima mmoja alikaa akiwaangalia bila simu mkononi. Tulipokezana.

Ama feri, tulikwenda jioni ya kwanza, kabla ya watu wa kazini kujaa. Saa za asubuhi na jioni umati ni mkubwa, jihadharini na mifuko na muwe mmeshikamana. Tukiwa katikati ya foleni feri ilizuiwa, maana meli kubwa ya makontena ilikuwa ikiingia, na meli ndiyo hupishwa. Mvulana alitueleza yote, inavyoongozwa na inavyovutwa. Nilinyamaza nikasikiliza. Ilikuwa zamu yangu.

Pesa mezani

Wengi mnawaficha watoto habari za pesa, kisha mnawakasirikia wanapoomba vitu. Sisi tuliweka hesabu mezani. Tulikuwa wanne, usiku mbili:

Nauli kwenda na kurudi: 4,000.
Vyumba viwili vya kawaida, usiku mbili: 8,000.
Chakula: 5,000.
Matatu na tuktuk za mjini: 2,000.
Viingilio: 3,000.
Akiba ya dharura: 2,000.

Jumla ni shilingi 24,000. Mimi na dada tuliweka 1,500 kila mmoja kwa mwezi, Januari hadi Agosti, miezi minane. Hizo ni hesabu zetu za wakati ule. Zenu mtazipiga upya, maana bei hubadilika. Viingilio ulizeni siku chache kabla, na ulizeni pia umri gani huhesabiwa mtoto, kwa sababu kila mahali pana lake. Makumbusho na mbuga za serikali hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo pesa ziwe kwenye simu na simu iwe na chaji.

Msichana tulimpa kazi ya kulinganisha nauli. Alitukumbusha kwamba kituo cha treni kiko Miritini, si katikati ya mji, hivyo kuna nauli nyingine ya kukufikisha mjini, na kwamba basi wakati ule lilishusha abiria Mwembe Tayari. Tukaamua kwenda kwa treni na kurudi kwa basi. Mtoto wa miaka 13 alitupunguzia gharama.

Mvulana tulimpa pesa za chakula, zote. Jioni ya kwanza alituagizia kuku na chipsi na soda kubwa, tukala kama wafalme. Siku ya pili alihesabu alichobaki nacho akakuna kichwa. Asubuhi ya tatu tulikula mahamri na mbaazi, mchana viazi karai na ukwaju. Hakuna aliyemkemea. Alikuwa ameshaelewa, na kusema kweli yale mahamri ndiyo chakula kizuri kuliko vyote tulivyokula.

Kumwachia bila kumpoteza

Sasa nirudi kwenye lile lililonikosesha usingizi. Baada ya siku ile ya kwanza ningeweza kuapa kwamba sitawahi kumwacha kijana yule hatua tatu kutoka kwangu. Dada yangu ndiye aliyenishauri vingine. Alisema, mwaka ujao atamaliza shule aende chuoni, nani atamshika mkono huko?

Kwa hiyo tuliweka masharti, nao wakayakubali kabla hatujaondoka Voi. Kila asubuhi napiga picha ya kila mmoja, na nguo alizovaa zionekane. Kila mmoja ana karatasi mfukoni yenye nambari zetu za simu na jina la mahali tunapolala, kwa sababu simu huzimika na karatasi haizimiki. Tunabeba nakala za vyeti vyao vya kuzaliwa. Kila tunapofika mahali, kabla ya jambo lolote, tunachagua pa kukutania: lango, mti, duka fulani. Na wanajua nambari za bure: 116 ni ya msaada kwa watoto, 999 na 112 ni za polisi.

Kisha tukawapa uhuru wenye mipaka. Saa moja Mji wa Kale, wawili pamoja, bila sisi, kutoka lango la Fort Jesus na kurudi hapo hapo. Walirudi dakika nne kabla ya wakati. Nilikuwa nimeketi pale ukutani, nikizihesabu.

Na adabu ya mji nayo ifundishwe nyumbani. Mji wa Kale ni makazi ya watu, si maonyesho. Nguo ziwe za heshima, mtu asipigwe picha bila kuombwa, na mkipita karibu na msikiti wakati wa sala sauti zishuke. Mwezi wa Ramadhani maeneo mengi ya kula hufungwa mchana, pangeni mapema. Simu isitolewe kizembe kando ya barabara wala kwenye dirisha la matatu.

Swali la mama mmoja

Kabla sijaanza, mama mmoja alinivuta kando akaniambia, "Wewe una mshahara. Mimi hiyo 24,000 ni karo." Sitaki kumjibu kwa haraka, kwa sababu amesema kweli.

Mama, usiende siku tatu. Nenda siku moja. Toka Voi na gari la alfajiri, beba chakula kutoka nyumbani, panda feri bure, keti Mama Ngina mtazame bahari, rudi jioni. Kama una ndugu Changamwe au Mtwapa, lala kwake na umpelekee mahindi na maembe ya shambani. Na kama hata nauli haipo mwaka huu, bado lipo lile la kwanza ambalo halina bei. Keti na mtoto wako umuulize: ukienda mjini siku moja, ungetaka kuona nini? Kisha usimwambie kwamba ni kitu fulani tu.

Mimi nililipa kwa saa moja na dakika arobaini na tano za kutafuta shati nisilojua rangi yake. Nyinyi mwaweza kulipata jibu hilo bure, leo jioni, mkila ugali.

Nyinyi vijana wa mlangoni, nanyi mna wajibu. Mkiulizwa, jibuni. "Popote" si jibu.